Bomba Jembamba la Rafiki Yangu

Jumapili, 5 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua unaisoma barua hii dirishani kwenye karakana yako, simu inalia mezani nyuma yako na wewe huna habari nayo. Tangu masikio yako yagome kwa ile milio ya miaka yote uliyokuwa fundi wa silaha wa polisi, mimi nimekuwa mwandishi wa barua kwa lazima. Mwandiko wangu sasa umenyooka kuliko nilipokuwa shule.

Habari yenyewe si nzuri, na naomba usicheke. Bastola uliyonirithisha haipigi tena. Au tuseme mimi ndiye sipigi. Mwaka jana risasi zangu tano ungeweza kuzifunika kwa kizibo cha soda. Sasa zinatawanyika kwenye karatasi ya shabaha kama kuku waliorushiwa jiwe. Kocha wa klabu hajasema neno, lakini jana kila nilipopiga alikohoa, na wewe unakijua kikohozi cha kocha. Mchujo wa timu ni Jumamosi ya tarehe 18. Nafasi ni nne na sisi tuko tisa.

Tatizo nimelijua. Ni macho. Mimi huyu, ninayeshinda kwenye duka la miwani nikiwaambia watu, "Haya, nisomee mstari wa chini." Juzi tulipofunga duka nikajipima. Nikasoma bango lote hadi zile herufi za utitiri, nikafurahi mno. Kisha nikakumbuka kwamba bango lile nimelikariri. Nikafumba macho, nikalisoma upya, sikukosa hata herufi moja.

Basi nimejichagulia miwani na naificha ndani ya kiatu changu cha mvua. Tafadhali mume wangu asijue. Anawaambia mafundi bomba wenzake kwamba mke wake anaweza kumtoboa inzi sikio. Nitaanzaje kumwambia kwamba huyo inzi mwenyewe simwoni?

Nikianguka kwenye mchujo nitakurudishia bastola yako. Afadhali ikae kwako imepumzika kuliko kunionea haya.

Mwanao,
Jicho

*

Jumatatu, 6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkwe wako. Huku sote wazima. Paa halivuji, na mke wangu hajambo, ila siku hizi amekuwa mkimya na ana jambo na kiatu chake cha mvua. Nikikisogelea tu anaruka kutoka jikoni.

Nina swali la kiufundi. Si langu. Ni la rafiki yangu mmoja, humjui. Ana bomba la chuma, jembamba sana, tuseme kidole hakipiti vizuri, urefu wake kama kiganja. Ndani lina mistari inayozunguka kama parafujo. Limeshika weusi unaonuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Anasugua kila wiki kwa bidii zote na weusi hautoki wote. Anauliza kama kuna dawa inayouyeyusha mara moja bila mwenye bomba kujua. Nia yake ni njema kabisa. Mwenye bomba anasema mikono humchoka kulisafisha, na ana shughuli muhimu tarehe 18, kwa hiyo huyu rafiki yangu anataka ling'ae.

Usimwambie mke wangu kwamba nimekuandikia. Atadhani nimekusemea habari ya kukoroma kwake.

Mkwe wako,
Fundi Bomba

*

Ijumaa, 10 Mei

Mkwe wangu,

Marahaba. Msalimie huyo rafiki yako nisiyemjua. Mwambie bomba lake mimi nalijua. Nimelisafisha kwa mikono yangu tangu yeye hajaota ndevu.

Sasa msomee haya polepole, na akitabasamu msimamishe.

Karibu wote waliojipiga risasi wakisafisha bastola nyumbani walikuwa na hakika kwamba haina kitu. Mimi silaha zao zililetwa kwangu baadaye, zimefungwa kwenye mifuko ya ushahidi, zingine bado zina kitambaa cha kusafishia. Magazini, kile kikasha cha risasi, inatoka kwanza, halafu ndiyo unafungua chemba, pale risasi inapokaa ikingoja kupigwa. Ukianza na chemba na magazini bado imo, risasi nyingine inapanda juu taratibu na wewe unajiona mwangalifu. Ukishafungua, tazama kwa jicho, kisha papasa kwa kidole. Risasi zenyewe ziwe chumba kingine, zisikae mezani pembeni ya chai.

Tena mwambie, kabla hajaanza kujisifu, kwamba mtutu si bomba la sinki. Kwenye kazi yako uchafu ndio adui na bomba ni gumu, unaweza kulikwangua unavyotaka. Kwenye mtutu ile mistari inayozunguka ndiyo mali. Ndiyo inayoizungusha risasi ili iende ilikotumwa. Ukiikwaruza kwa chuma kigumu umeiharibu. Ndiyo maana brashi huwa ya shaba na hupitishwa kutokea nyuma, upande wa chemba, mpaka itokeze mbele yote, usiigeuzie njiani. Anayesukuma kutokea mdomoni anauchakaza ule mdomo upande mmoja, na risasi hutoka imeyumba kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Uchafu kidogo haujawahi kumkosesha mtu shabaha. Usafi wa fujo umewakosesha wengi.

Mwambie rafiki yako aniandikie ametumia nini, kila kitu, na asinitungie. Na aache mara moja. Asipoandika, nitamwandikia mwenye bomba.

Shangazi yako

*

Ijumaa, 10 Mei

Jicho wangu,

Sijacheka. Nimecheka kidogo tu pale ulipofumba macho.

Kapimwe na mtu mwingine, kwa bango usilolijua. Halafu chukua karatasi zako za zamani na za juzi, uzitazame matundu. Nambie kama ni ya mviringo au yamelala upande kama tundu la ufunguo. Jicho bovu hupeleka risasi mahali pasipofaa, lakini tundu litakuwa la mviringo. Risasi inayotua ubavu haijakoseshwa na jicho lako.

Na kabla hujapiga tena, toa mtutu utazame ndani kwenye mwanga. Sikuambii zaidi kwa sababu sijajua zaidi. Nikijua nitakwambia hata kama kuna mtu nimemwahidi vingine.

Shangazi yako

*

Jumatano, 15 Mei, asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi. Rafiki hakuna.

Sikujua kama ningeona haya kiasi hiki kwa karatasi tu. Nilianza Januari, siku aliporudi kutoka uwanja wa shabaha akajikanda viganja akasema, "Kupiga hakunichoshi, kinachonichosha ni kusafisha." Basi nikajisemea, kusafisha mabomba ndiyo kazi yangu, mke wangu atachokaje? Ufunguo wa sanduku la chuma la bastola huuweka nyuma ya saa ya ukutani. Najua kibali ni chake na ufunguo ni wake. Kila Jumatatu anapokuwa zamu ya mchana, mimi nafungua.

Nimetumia waya wa kuzibulia masinki, nimeukata kipande. Nimetumia ule waya wa kusugulia masufuria. Nilisukuma kutokea mdomoni, kwa sababu sisi bomba tunalizibua kutoka pale tunapolifikia. Mwezi uliopita nilitia dawa ya kuzibulia, nimeichanganya na maji, nikaiacha mchana kutwa. Weusi ulitoka kweli. Badala yake ukaja wekundu kama kutu. Nikapaka mafuta ya kupikia, ukang'aa sana, ila ukanuka chapati.

Barua yako ilifika Jumatatu na nikaapa kuacha. Lakini jana nikasema ngoja nirekebishe mara ya mwisho nilichoharibu, nilainishe. Nikachukua kitambaa cha shati langu kuukuu, nikakizungusha kwenye waya, nikasukuma. Waya ukatoka, kitambaa kikabaki. Kimekwama katikati. Nikajaribu kwa bisibisi, kikazidi kujipigilia. Nikasikia mlango wa mbele. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikafunga, nikaenda kumpokea mfuko wa viazi kama mtu asiye na dhambi.

Yeye anakwenda mchujo Jumamosi. Nimefikiri risasi ya kwanza si itakisukuma chenyewe kitoke? Kitambaa ni laini. Nijibu haraka, barua nampa kondakta wa basi la asubuhi akuletee mkononi.

Mkwe wako

*

Alhamisi, 16 Mei

MKWE,

Risasi HAITAKISUKUMA. Mtutu utapasuka mkononi mwake, karibu na macho yake. Mwambie sasa hivi, hata kama yuko kazini, hata kama utapigwa sufuria. Asiiguse mtu bastola hiyo. Usijaribu kukitoa.

Nampa huyuhuyu kondakta na nimemlipia chai ili akimbie. Nakwenda kwa jirani apige simu dukani, mimi nitasimama pembeni nimwambie maneno.

Shangazi

*

Jumapili, 19 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na usimkasirikie tena jirani yako. Alipiga kweli. Ila alimwambia mwenzangu wa kaunta kwamba "shangazi anasema msipige kitu chochote kilichozibwa na shati," na nyuma yake sauti yako ilikuwa inatingisha spika. Mwenzangu akadhani ni watu wa matangazo. Lakini tulia. Wakati huo mimi nilishajua tangu jana yake. Keti nikueleze.

Jumatano mchana nilikuwa na mteja, mzee wa ushonaji, kidevu chake kimekaa kwenye mashine, namwambia asipepese. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mume wangu, buti za kazini miguuni, maji yanamchuruzika toka magotini, mkononi ameshika koki iliyopasuka vipande viwili. Akasimama katikati ya duka akasema, "Mke wangu, nina jambo la kukwambia na halingoji jioni."

Mimi nikajua ameiona miwani. Nikamwambia, "Nisamehe. Nilitaka kukwambia baada ya mchujo."

Akasema, "Kumbe unajua?"

"Nijue nini? Si ni mimi niliyeificha?"

"Umeificha wewe? Mimi ndiye niliyeiziba!"

"Utazibaje miwani?"

"Miwani gani?"

Mzee wa ushonaji, kidevu bado kwenye mashine, akasema, "Naweza kupepesa sasa?"

Basi ndipo kila mmoja akamwaga yake. Mume wangu alikuwa ameitwa kwenye nyumba moja ambako mtu alisukumiza kitambaa ndani ya bomba ili asisumbuliwe na tone, halafu mwingine asiyejua akafungulia maji yote. Presha ikafika pale kwenye kitambaa, ikakosa pa kwenda, koki ikaruka ikapita sikioni mwa mwenye nyumba ikatoboa dari. Mume wangu anasema aliitazama ile dari, akaiona sura yangu. Hakuuliza malipo wala hakukusanya spana zake. Alikimbia toka kule hadi dukani. Barua yako yenye herufi kubwa ilipomfikia kesho yake, alikuwa ameshakaripiwa na mimi, na mzee wa ushonaji, na mwenzangu wa kaunta, na mteja mmoja aliyeingia kuuliza bei tu.

Shangazi, nilikasirika. Sitakuficha. Nilimwambia kwamba mtu anayenipenda asinipendee kwa siri ndani ya sanduku langu lenye kufuli. Akainamisha kichwa. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nami nilikuwa nimesimama pale nikiwa na siri yangu ndani ya kiatu, na ile hotuba ikaniishia mdomoni. Tukatembea nyumbani. Karibu na mlango akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Huyo inzi humwoni kabisa?" Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa majibu yako. Mtutu nilikuwa sijaufungua bado alipokuja dukani. Nilitazama karatasi. Matundu ya mwaka jana ni mviringo kabisa. Ya mwezi huu nusu yamelala ubavu. Nilipoyaona nilikaa chini, maana miezi yote hii nilikuwa najilaumu mimi. Na mwenzangu amenipima kwa bango jipya. Mbali naona kama mwewe. Karibu, pale penye kilengeo cha mbele cha bastola, pana ukungu kidogo. Ni umri tu, anasema, kanitengenezea miwani ya kufaa. Kwa hiyo mtutu ulikuwa mbovu na jicho nalo lilikuwa na lake. Kila mmoja wetu alikuwa na kosa lake na hakuna aliyemzidi mwenzake.

Mchujo nilikwenda na miwani puani na bastola ya kuazima ya klabu, nzito kama pasi ya mkaa. Kocha alipoiona miwani alisema, "Hatimaye leo?" Nimekuwa wa nne. Wa nne kati ya wanne, Shangazi. Wa tano nimempita kwa pointi moja na amenishika mkono vizuri tu.

Mashindano makubwa ni Juni. Bastola yako imelala kwenye sanduku, haijaguswa, ufunguo ninao shingoni. Kibali cha kuisafirisha nimekipata na Jumamosi ijayo nitakuletea mwenyewe. Mume wangu anaomba abaki kwako siku chache. Anasema akiharibu kitu hulala kando yake mpaka kipone.

Jicho

*

Jumatano, 29 Mei

Mke wangu,

Salamu nyingi kutoka karakana. Ulipanda basi Jumapili ukaniacha na jeshi zima ndani ya mwanamke mmoja. Shangazi ananiamsha kwa kugonga sufuria, kisha ananiuliza mbona napiga kelele.

Kitambaa alikitoa juzi. Alikiloweka mafuta laini kutokea chemba, akakiacha mpaka asubuhi, akakisukuma kwa ufito wa shaba, kikatoka chote taratibu. Akakitandaza mezani akaniambia, "Shati lako hilo. Livae." Halafu akanipa kioo cha kukuzia nitazame ndani ya mtutu. Mke wangu, nimeona mikwaruzo yangu. Iko pale, mirefu, na mashimo madogo ya ile dawa kama ndui. Alishindana kwa mtutu huo akiwa na umri wako, ameniambia, na akaweka kioo kwenye kabati.

Mdomo ameukata upya kwenye kerezo, ile mashine ya kuzungushia chuma, wembamba wa kucha tu, ukawa sawa pande zote. Mikwaruzo ya ndani haiondoki. Leo asubuhi tumekwenda uwanja wa polisi wa zamani, amepiga tano mwenyewe, kwa miguu yake ileile ya kuuma. Karatasi nimeikunja humu ndani. Tazama. Matundu yote mviringo, yote yanatosha kiganjani. Nikamwandikia kwenye karatasi, "Mtutu umepona?" Akanijibu kwa sauti ambayo hata wewe huko umeisikia: "Hautasahau, lakini utapiga."

Nimemtengenezea bomba la bafuni. Amelikagua kwa kioo kilekile.

Mumeo

*

Jumamosi, 1 Juni

Mume wangu,

Karatasi nimeibandika jikoni. Rudi. Nyumba imekuwa safi kupita kiasi na hakuna wa kumlaumu.

Mwambie Shangazi kiatu cha mvua sasa kina mguu ndani.

Mkeo

*

Jumapili, 23 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umesema magoti hayakukuruhusu kuja, kwa hiyo nakuandikia kila kitu kabla sijavua hata viatu.

Tumekuwa wa pili. Timu nne za klabu kubwa tumeziacha nyuma. Mimi peke yangu nimekuwa wa tatu kati ya wanawake wote, na risasi yangu ya mwisho ilikata mstari wa katikati, mwamuzi akaipima mara mbili kwa kifaa chake kabla ya kukubali. Nilivaa miwani tangu mwanzo hadi mwisho. Mume wangu alikuwa kwenye benchi la watazamaji, na nilipofyatua ile ya mwisho, majirani zake wananiambia, alikuwa amefumba macho.

Jana usiku wa kuamkia mashindano tulisafisha pamoja, ule utaratibu wako. Risasi kabatini chumbani, dirisha wazi kwa sababu ya harufu ya dawa. Nilitoa magazini, nikafungua chemba, nikatazama, nikapapasa. Nikampa naye atazame na apapase, akafanya hivyo kwa uso wa daktari. Brashi ikaingia kutoka nyuma, ikatokea mbele, kitambaa baada yake, na nikahesabu vitambaa vilivyoingia na vilivyotoka, tone moja la mafuta, basi. Yeye alishika tochi. Mara mbili mkono wake ulinyooka kuelekea ile brashi, na mara zote mbili aliurudisha mwenyewe.

Sasa sikiliza mwisho wake. Baada ya medali, mkaguzi wa silaha wa mashindano alikuja kwangu na bastola mkononi. Alikuwa ameifungua kwa ukaguzi wa kawaida. Akatazama ndani ya mtutu kwa muda mrefu, akakunja uso, akasema, "Mama, mtutu huu umeteswa. Sijui umepigaje hivi na mikwaruzo kama hii. Lakini usafishaji wake wa sasa, sijaona safi namna hii tangu asubuhi. Nani fundi wako?"

Nikamwonyesha mume wangu, aliyekuwa amesimama pembeni na mkoba wangu begani. Kocha naye akageuka. Wale mafundi bomba wenzake wawili, aliokuja nao kushangilia, wakavuta vifua mbele kama kwamba wametajwa wao. Angeweza kusema chochote, na mimi nisingemkana.

Akasema, "Fundi ni shangazi yake. Mimi kazi yangu kushika tochi."

Mwanao,
Jicho